Niliungua na hisa za 2008, sasa mwanangu anataka laki tatu na nusu

Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, upande wa Lanet. Nina miaka 56, kwa hivyo nimebakisha minne nistaafu. Ni mjane. Nyumbani niko na kijana wangu wa miaka 25 aliyemaliza Egerton, na baba mkwe wangu, mzee wa miaka 84, tuliyemtoa Bahati alipoanza kuanguka-anguka peke yake. Binti yangu yuko chuoni Maseno, mwaka wa pili.

Nina shilingi 350,000 benki. Ndizo hizo zinazotukosesha usingizi.

Mjomba, mimi hisa nazijua. Mwaka wa 2008 Safaricom ilipouzwa kwa umma kwa shilingi tano, nilipanga foleni. Nakumbuka kwa sababu wakati huo majirani zetu walikuwa bado kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho ya kilimo, baada ya vurugu zile za Januari zilizofuata uchaguzi, na bado mtu ulikuwa ukipita mjini unaona foleni ya fomu imezunguka benki. Sote tulikuwa tumesikia ya KenGen, watu walivyonunua kwa 11.90 mwaka wa 2006 na kabla ya muda mrefu bei ikawa zaidi ya mara mbili. Nilikopa laki moja kwa sacco, nikaomba hisa 20,000. Tulikuwa wengi mno, nikagawiwa 4,200. Pesa zilizobaki zilirudi baada ya wiki nyingi, zikaishia kwa karo na mabati ya nyumba. Bei nayo ikaanza kushuka. Februari 2009 niliuza chini ya shilingi tatu. Mkopo niliumaliza 2011. Tangu hapo mtu akitaja hisa mbele yangu huwa naondoka nikaangalie sufuria hata kama hakuna kitu mekoni.

Sasa kijana wangu ananunua hisa kwa simu. Alianza mapema 2025, na kila alichogusa kimepanda. Asubuhi kabla hajanawa uso ameshafungua bei. Ananiambia, "Mum, pesa zako zinaoza huko benki. Nitumie kwa namba yangu nikuzungushie." Nikimkumbusha ya 2008 ananiambia huo ni uoga wa kizamani. Lakini kwa simu hiyo hiyo nimeona pia ule mchezo wa kamari wa ndege inayopaa.

Mzee naye akitusikia anagonga mkongojo. Kwake hisa ni upepo. "Nunua ploti," basi. Yeye alipata ekari zake tano kupitia kampuni ya kununua mashamba miaka ya sabini, na haoni kwa nini mtu aweke pesa mahali asipoweza kupanda mahindi.

Nimsikilize nani? Au nikae hivi hivi?

Mwalimu aliyeungua, Nakuru

Jambo lingine, sijui kama lina maana. Juzi kijana akitafuta nakala ya kitambulisho cha mzee kwenye kasha lake la bati, alikuta karatasi ya hisa 200 za KCB, ya mwaka 1988, imekunjwa pamoja na makaratasi ya shamba. Mzee amekataa kuizungumzia.

*

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Nitakuonyesha nilichopata, lakini kwanza nikuungamie kitu. Hiyo 2008 mimi nilikuwa upande wa pili wa dirisha. Nilikuwa karani wa benki hapa Kisumu, barabara ya Oginga Odinga, na kazi yangu kwa karibu mwezi mzima ilikuwa kupokea fomu zile. Mama mmoja muuza omena aliniletea shilingi elfu kumi, kiwango cha chini kabisa kilichokubaliwa, noti zote zikinuka ziwa. Akaniuliza, "Sasa hizi zinavunwa lini?" Nikamjibu bila kupepesa macho: wiki mbili tatu baada ya kuingia sokoni. Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Ndivyo sote tulivyoamini. Kwa mwezi ule wote sikumbuki mtu hata mmoja aliyeniuliza kampuni inapata faida kiasi gani, na wangeniuliza nisingejua.

Sasa kalamu. Hisa zako 4,200 kwa shilingi tano ni 21,000. Uliuza chini ya tatu, tuseme ulipata kama 12,000. Kwa hivyo soko lilikula shilingi 9,000. Zinauma, sikatai. Lakini mkopo wako ulikuwa laki nzima, na riba ya sacco nyingi ni asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua. Kwa miaka mitatu hiyo inakaribia 18,000. Na zile 79,000 zilizorudi hazikurudi kwenye mkopo. Zilienda kwa karo na mabati, umeandika mwenyewe. Yaani soko lilikula mbuzi watatu, mkopo ukala sita, na mabati yakala ng'ombe. Hayo mabati angalau bado yako juu ya kichwa chako.

Sikuchekeshi, Mwalimu, na nisingependa ujilaumu kwa kuuza. Mtu aliyenunua kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara hawezi kungoja. Hisa zako ziliuzwa na makato ya kila mwezi, wewe ulitia sahihi tu.

Kijana bila shaka ameshakupigia hesabu ya kama ungengoja. Agosti 2021 Safaricom ilikaribia shilingi 45, kwa hivyo zako zingekuwa kama 189,000, mbali na mgao wa faida wa kila mwaka. Je, amekuonyesha na 2023? Bei ilianguka chini ya 15. Zile zile zingekuwa chini ya 63,000. Aliyeingia 2021 akiimba kama mwanao anavyoimba sasa, miaka miwili baadaye alikuwa amebaki na theluthi. Mwaka wa 2025 ikapanda tena kupita 25. Mtu akikuonyesha mwaka mmoja tu wa hisa, muombe akuonyeshe na wa pili.

Lakini kilichonifanya nichague barua yako kati ya zote za mwezi huu ni kwamba ndani ya nyumba moja mna watu watatu wanaotumia neno moja kwa vitu vitatu. Mnagombana kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anaongea juu ya kitu chake.

Anzia kwa mzee. Soko la hisa la Nairobi lilianzishwa 1954, naye akiwa mvulana tu, na Mwafrika hakuruhusiwa kununua wala kuuza humo hadi Uhuru. Ukimwambia kijana wa leo hivyo hakuamini. Uhuru ulipokuja, hisa iliyofika Nakuru haikutoka Nairobi. Ilikuwa hisa ya kampuni ya mashamba: watu wanachanga, wananunua shamba la mzungu anayeondoka, wanakata vipande, wanaokota karatasi zenye namba kutoka kwenye kofia. Bonde la Ufa lote lina vijiji vilivyozaliwa hivyo. Kwa mzee, hisa ilikuwa karatasi ambayo siku moja inageuka udongo. Ikikataa kugeuka udongo, ni upepo. Huyo hakosei, anakumbuka.

Ila anakumbuka upande wa walioshinda. Umuulize siku moja, kwa heshima, wenzake waliochanga na hawakupata. Kampuni zile zilikuwa na vita vya uongozi hadi serikali ikaagiza zivunjwe miaka ya themanini, na kuna watu walizeeka wakingoja hatimiliki wakiwa na karatasi kama yake mkononi. Udongo pia husaliti watu. Ukitaka ploti sikukatazi, lakini usilipe kabla ya kwenda ofisi ya ardhi kufanya msako wa hati mwenyewe, na ujue ploti haitalipa karo ya Maseno mwezi wa Septemba.

Wewe sasa. Hisa yako ni ya 2006 hadi 2008, na ilikuwa kama mahindi ya kuchoma: unanunua asubuhi unauza jioni. KenGen ilitufundisha vibaya kwa kutufundisha vizuri. Mwaka huo huo Eveready, kampuni ya betri ambayo kiwanda chake kilikuwa hapo hapo Nakuru, iliuza hisa kwa 9.50 na watu wakazigombania. Kiwanda kilifungwa 2014, na bei ya hisa ikaja kuteremka hadi karibu na shilingi moja. Katika miaka hiyo hiyo madalali kadhaa wa hisa walianguka na wateja wakabaki na risiti. Kielezo cha hisa 20 cha Nairobi, yaani kipimo cha bei za kampuni 20 sokoni, kilichokuwa kimepita 6,000 Januari 2007, kilikuwa chini ya 2,500 Machi 2009, mwezi mmoja baada ya wewe kuuza. Rika letu liliondoka sokoni kimya kimya likarudi kwa sacco, chama na ploti. Huku kwetu kina mama walirudi kwa nyoluoro zao, mchango wa kupokezana, na sijasikia hata mmoja aliyejuta. Usimruhusu mtu auite uoga.

Halafu kijana. Yeye hajawahi kushika karatasi ya hisa, maana tangu 2004 zimekuwa zikihamia kwenye akaunti za CDS, ambako hisa huandikwa kwenye kompyuta badala ya karatasi. Hajapanga foleni. Sisi tulihitaji elfu kumi. Yeye, tangu Agosti 2025, anaweza kununua hata hisa moja. Kuna wazee wenzangu wanaosema vijana wa leo wote ni wacheza kamari, na hapo sikubaliani nao. Wengi wanasoma ripoti za kampuni kwenye simu, jambo ambalo mimi karani wa benki sikuwahi kufanya. Kitu kinachonitia wasiwasi ni msimu aliouanzia. Katikati ya 2024 hati za hazina za siku 91, yaani pesa unazoikopesha serikali, zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16. Nani angehangaika na hisa? Mwaka mmoja baadaye zilikuwa karibu 8, na pesa zote zilizokuwa zimelala huko zikaanza kutafuta pa kwenda. Sehemu yake ilikuja kwenye hisa, na bei zikapanda. Mwanao aliingia mtoni maji yakiwa yanashuka upande anaoelekea, akadhani anajua kuogelea. Mwaka wa 2015, akiwa mtoto wa shule, kielezo kile kile kilipita 5,400. Mwisho wa 2020 kilikuwa chini ya 1,900. Hiyo ni miaka sita ya kushuka, Mwalimu, si asubuhi sita. Na hadi 2025 kilikuwa hakijarudi pale kwenye 6,000 ya 2007. Muulize angefanya nini mwaka wa tatu.

Sasa nijibu ulichouliza.

Pesa zako usizitume kwa namba yake. Si kwamba ni mwizi. Ni kwamba zikiwa kwenye namba yake ni zake, siku akipatwa na jambo, siku akikasirika, siku ile ndege ya kamari ikimtazama vizuri. Kidole gumba kile kile kinanunua hisa na kinabeti, na kidole hakijui tofauti. Ukitaka hisa, fungua akaunti ya CDS kwa jina lako na kitambulisho chako, kupitia dalali aliyesajiliwa. Orodha yao iko kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, angalia kabla ya kutuma hata mia. Dalali mwenye leseni akianguka kuna mfuko wa fidia, hadi shilingi 50,000 kwa mtu. Bei ikianguka hakuna anayekufidia. Na wakija wale wa kuahidi asilimia kumi kila mwezi, iwe ni sarafu za mtandaoni au za kigeni, huo si uwekezaji wa aina yoyote kati ya hizi tatu, funga mlango.

Katika zile laki tatu na nusu, toa kwanza karo ya binti hadi amalize, na mishahara yako ya miezi mitatu ya dharura. Sijui kiasi, wewe unajua. Sidhani itabaki nyingi, na hilo lenyewe ni jibu kwa kijana na kwa mzee. Za karo na dharura ziweke kwenye mfuko wa soko la fedha, hizo MMF watu wanazosema, ambako meneja huchanganya pesa za wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi, au hati za hazina. Hati unanunua mwenyewe kwa Benki Kuu kupitia mfumo wake wa DhowCSD kwenye simu, kuanzia 50,000. Hazitakutajirisha. Riba imeshuka na itakatwa kodi asilimia 15. Lakini Septemba ikifika zipo.

Hisa ukizitaka, zitoke kwenye mshahara, si kwenye akiba na kamwe si kwenye mkopo. Elfu tatu kwa mwezi, kwa miaka minne uliyobakiza, ni 144,000. Bei ikishuka mwezi huu, elfu tatu zako zinanunua nyingi zaidi, na kwa mara ya kwanza maishani utafurahia kushuka. Chagua kampuni ambazo unaelewa zinauza nini na zinalipa mgao wa faida. Kodi ya mgao ni asilimia 5 tu. Zote zikipotea, ambalo si jambo rahisi ukigawanya kwenye kampuni kadhaa, utakuwa umepoteza mabati, si nyumba.

Kijana mpe kazi. Mnunulie daftari la mazoezi, lile la mistari. Kila anachotaka kununua, chake au chako, aandike kabla: kampuni inafanya nini, ilipata faida gani mwaka uliopita, kwa nini leo, na ni jambo gani likitokea atakubali alikosea. "Inapanda" si jibu. Jumapili unamsahihishia kwa kalamu nyekundu. Umefundisha miaka thelathini na kitu, utajua papo hapo nani amefanya kazi na nani amenakili kwa jirani. Ndani ya daftari hilo hilo aandike na ya ile ndege, aliweka ngapi na akatoka na ngapi. Akikataa ukurasa huo, umeshapata habari yako.

Tumalizie kwenye kasha la bati, maana hapo ndipo nilipocheka hadi mke wangu akaja kuuliza.

Mwaka 1988 serikali iliuza asilimia 20 ya KCB kwa umma. Mzee wako, anayesema hisa ni upepo, alikuwa kwenye foleni ile. Mwaka 2007 benki hiyo iligawanya kila hisa moja kuwa kumi, kwa hivyo kama hajauza, 200 zake ni angalau 2,000. Juu ya hizo kuna mgao wa faida wa miaka mingi ambao huenda haukumfikia kwa sababu anwani ya posta ilikufa zamani. Mgao usiodaiwa huhamishiwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa. Piga *361# kwa namba ya kitambulisho chake mwone kama jina lipo. Karatasi yenyewe ipelekwe kwa msajili wa hisa wa benki, kisha iingizwe kwenye akaunti ya CDS ya mzee, kwa jina lake. Fanyeni haya sasa akiwa bado anaweza kutia sahihi. Baadaye itakuwa mirathi na mahakama, na hapo mtatumia miaka.

Kijana asije akaniambia kwamba siri basi ni kusahau. Kwenye kasha lile lile ingeweza kuwa ya Mumias, kampuni ya sukari ya huku magharibi iliyoingia sokoni 2001, na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa 2019. Karatasi ingekuwa nzuri vile vile.

Nenda naye polepole. Mzee hataki kuizungumzia kwa sababu ama alidhani alitapeliwa au alimficha mke wake, na yote mawili ni aibu kwa mtu wa rika lake. Usianze na bei. Muulize kwanza 1988 alikuwa anafanya kazi wapi, nani alimwambia habari za hisa hizo, na pesa za kuzinunua alizitoa wapi. Mwache asimulie hadi mwisho, kijana naye awe ameketi hapo na daftari. Kisha ndipo umwambie zimefika ngapi, na uhakikishe mzee ameegemea kitu.